Gari la Wifi na Rangi Yangu Nyeusi

Wifi yangu ni mkunga, na kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kunywa chai gerejini kwangu. Alikuwa anasema vikombe vyetu vinanuka dizeli. Haya, vinanuka, lakini kaka yake anavinywea kila siku na hajafa, kwanza ananenepa. Ukweli ni kwamba siku kaka yake alipomwambia anaoa fundi wa magari, wifi alizitazama kucha zangu, akamtazama kaka yake, akauliza, "Wanawake wengine wote waliisha?" Mimi nina mdomo, sikatai, na ndiyo maana mtaa mzima unaniita Pilipili. Nilimjibu palepale, na tangu siku hiyo hatukuwahi kupatana sawasawa.

Kwa hiyo mjue maji yalikuwa yamemfika shingoni Jumanne ile, saa sita mchana, alipoingiza gari lake uani kwangu bila hata kupiga honi. Ni gari jeupe la kliniki, refu, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, na analiendesha mwenyewe kupeleka huduma ya wajawazito na watoto kule mlimani. Gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa limelowa oili upande wa ndani mpaka tairi linang'aa. Hiyo ilikuwa mara ya tatu ndani ya miezi miwili. Mara mbili za kwanza nilikuwa nimelitengeneza mimi kwa mikono yangu.

"Usiseme neno," akaniambia akishuka.

"Sijasema."

"Unataka kusema. Nauona mdomo unavyokuwasha."

Akatoa barua kwenye mfuko wa sare yake, akanisukumia. Mkaguzi wa magari angefika kesho yake saa tatu asubuhi. Gari likionekana bado linavuja, linaondolewa barabarani na kupigwa mnada, huduma ya mlimani inasimama, na yeye mwenyewe anahamishiwa stoo ya mafaili.

"Hii barua ni ya wiki iliyopita," nikasema.

"Najua kusoma tarehe."

"Na leo ndiyo unaniletea?"

"Nilikwenda kwa fundi mwingine. Mwanamume." Alilisema hilo bila haya. "Amenizungusha siku tano, kila siku njoo kesho. Leo nilikuwa na kliniki, nikapanda nalo hivyohivyo. Wakati wa kushuka breki ya kushoto inateleza, moyo uko mdomoni." Hapo sauti ikamwisha nguvu. "Kule juu nina kina mama arobaini na wawili kwenye daftari. Watatu wameingia mwezi wao. Nikifungiwa stoo, nani atawafuata, wifi? Nani?"

Nilikuwa na maneno ya akiba ya miaka kumi na mmoja, na Mungu anajua yalikuwa yamenijaa kooni. Lakini wale kina mama hawakunikosea kitu. Na mimi pia nilikuwa nimeumia. Fundi akirudishiwa gari lilelile mara tatu kwa tatizo lilelile, halali usingizi. Nikayameza, nikavuta jeki.

Sasa niwaambie, gerejini kwangu kuna sheria mbili, na kila mtu anazijua. Ya kwanza, gari likitoka safari ndefu halifunguliwi siku hiyo. Linalala, chuma kinapoa. Niliwahi kuungua mkono nikiwa najifunza kazi, na kovu ninalo mpaka leo. Ya pili, hakuna gari linalotoka kwangu na tumbo chafu. Nikimaliza kazi naisugua ekseli, ule mhimili wa chini unaobeba magurudumu, halafu naipulizia rangi nyeusi toka mwanzo hadi mwisho, inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Mafundi wengine wananicheka, eti nampamba nani huko chini asikoonekana. Wacheke. Mteja akiinama akauona weusi ule, anajua gari limepita kwa Pilipili. Hiyo ndiyo sahihi yangu.

Siku ile sheria ya kwanza ilinibidi niivunje, maana kesho saa tatu haikuwa mbali. Nililinyanyua gari likiwa bado linafuka joto, nikavua gurudumu. Nikachovya kidole kwenye ule uchafu, nikanusa, nikampelekea wifi puani.

Akarudi nyuma. "Yai viza!"

"Basi hiyo ni oili ya difu," nikamwambia. "Ile ya kwenye gia, katikati ya ekseli. Kuna shafti inatoka pale kuja gurudumuni, na njiani imevalishwa sili, pete ya mpira yenye mdomo mwembamba unaoikumbatia. Kazi yake ni kuizuia oili isipite. Ikishindwa, oili inakuja huku, inayeyusha grisi, halafu uji wote unamwagikia breki."

"Si ndiyo sili uliyobadilisha?"

"Ndiyo niliyobadilisha."

"Mara mbili."

"Mara mbili! Unataka nikuandikie? Sili nzuri inakaa miaka, hii ya mwisho haijamaliza wiki tatu."

"Labda unanunua mbovu."

"Labda unaendesha kama umeliiba!"

Tukatazamana. Kama kaka yake angekuwepo angetafuta pa kujificha. Wifi akavuta pumzi, akakunja mikono, akaniambia kwa ile sauti yake ya kliniki, "Mimi mgonjwa akija, kabla sijamgusa namwuliza inamuuma lini. Wewe mara zote mbili hukuniuliza chochote. Ulichukua funguo, ukaniambia njoo kesho kutwa."

Jamani, ukweli ukitoka kwa wifi unauma mara mbili. Lakini ulikuwa ukweli.

"Haya," nikasema. "Linavuja lini?"

"Mjini halitoi hata tone. Naweza kuzunguka wiki nzima. Nikipanda mlima, ile saa moja na nusu ya kupanda tu, nikifika juu nalikuta limelowa."

Na mimi majaribio yangu yote yalikuwa ni kuzunguka mtaa mara mbili na kurudi. Nikaanza kukuna kichwa. Lakini hata nikifikiri, kazi lazima ianze, na inaanza kwa kumwaga oili. Nikajifunika mkono kwa tambara, nikalala chini juu ya boksi langu, nikashika nati ya kujazia oili, ambayo hufunguliwa kabla ya ile ya kumwagia. Nikailegeza kidogo.

Fyuuuu! Kabla sijajua kimetokea nini, nilikuwa nimepigwa oili ya moto uso mzima, nywele, mpaka sikioni. Nikatoka chini ninatema. Wifi alinitazama mara moja, akashika boneti, akacheka mpaka akakaa chini na sare yake nyeupe. Sikuwahi kumwona akicheka vile, hata siku ya harusi yetu. Hasa siku ya harusi yetu.

Siku nyingine ningemtukana. Lakini nilisimama tu, oili inanidondoka kidevuni, nimepigwa na butwaa. Ekseli haitakiwi kuwa na pumzi ya kumtemea mtu. Ikipata moto, hewa ya ndani inavimba, na kwa sababu hiyo juu yake imewekewa kipumulio. Ni kidude kidogo kama kidole gumba, chenye kofia ya bati inayochezacheza, kitoe hewa nje na kuzuia vumbi lisiingie. Kama hewa haipiti hapo, itatafuta pa kutokea. Na pa kutokea ni kwenye mdomo wa sili.

Nikarudi chini mbiombio. Kipumulio sikukiona kwa macho, kila kitu kilikuwa cheusi tii, kinang'aa. Nikakipata kwa kupapasa. Nikaishika kofia niizungushe, haikugeuka. Nikaisukuma, ikakaa kama imechomelewa. Nikaikwaruza kwa bisibisi, na rangi ikabanduka kipande kizima, kama ganda la yai la kuchemsha. Chini yake kulikuwa na tabaka jingine la rangi. Jeusi vilevile.

Nililala pale juu ya boksi, nikahisi uso unaniwaka kuliko ile oili. Nyani haoni kundule. Mara ya kwanza gari lilikuja kwa sababu ya uzee tu, sili ilikuwa imechoka, nikaweka mpya, nikaweka vizuri. Halafu nikapiga rangi yangu ya sifa, nikagandisha kofia. Gari likapanda mlima, hewa ikakosa njia, ikaipasua sili mpya. Likarudi, nikatengeneza, nikapiga rangi tena, nikaziba vizuri zaidi! Na kwa kuwa nalilaza kwanza lipoe, sikuwahi kuisikia ile hewa ikilia. Sheria yangu moja ilileta kosa, nyingine ikalificha.

"Vipi huko?" wifi akauliza.

"Nimepata. Kipumulio kimeziba."

"Kimezibwa na nini?"

Nikakificha kile kipande cha rangi kiganjani. "Uchafu," nikasema.

"Matope ya mlimani hayo," akasema, na sikumsahihisha.

Tulifanya kazi mchana ule, acha tu. Nilifungua habu, kile kitovu cha gurudumu, nikatoa kiungo, nikaichomoa shafti yote, nikailaza mezani. Nikapitisha ukucha juu yake, ukanasa. Pale mdomo wa sili unapokaa, miaka ilikuwa imechimba mfereji mwembamba kama uzi. Upande wa kulia haukuwa nao, na hiyo ndiyo sababu iliyofanya kushoto kushindwe kwanza. Basi sili mpya sikuigonga mpaka mwisho. Niliweka kipande cha mbao juu yake, nikagonga polepole kwa kuzunguka, kidogo hapa kidogo pale, nikaiacha milimita mbili nje, mdomo uangukie chuma ambacho hakijachakaa. Mara mbili za kwanza sikuupitisha ukucha. Nilikuwa na haraka ya kupiga rangi.

Wifi hakuondoka. Alinawa mikono mpaka kwenye viwiko kama anakwenda kuzalisha, akaniuliza afanye nini. Nikampa beringi na kopo la grisi, nikamwonyesha jinsi ya kuisukuma grisi iingie mpaka ndani. Akafanya kimyakimya, na vidole vyake vilikuwa vyepesi na hodari kuliko vya mafundi wengi niliowahi kufanya nao kazi.

"Kucha zako," nikamwambia.

"Nyamaza," akasema, lakini alikuwa anatabasamu.

Kipumulio nilikifungua, nikakiloweka kwenye petroli, nikakisugua mpaka bati likaonekana. Nikapuliza kwa mdomo. Kofia ikacheza, tik, tik. Nikafunga pedi mpya za breki, nikajaza oili, nikarudisha gurudumu. Saa kumi na mbili jioni wifi akaenda kwao kuoga, na mimi nikajikuta nimeshika kopo la rangi, nalitikisa. Mkono umezoea. Nikaliweka chini.

Mume wangu ni mwalimu wa hesabu, mtu wa maneno machache, na kati ya mke kama mimi na dada kama yule amejifunza kuyapunguza zaidi. Alinikuta nimekaa juu ya tairi, akanipa chai. Nikamweleza yote, mpaka kile kipande cha rangi nikamwonyesha.

"Utamwambia dada?" akauliza.

"Nimwambie ili iweje? Gari limepona. Anipe miaka kumi na mmoja mingine ya kunisimanga?"

Akakigeuza kile kipande vidoleni. "Mimi si fundi. Lakini nikikosea hesabu ubaoni, siwezi kufuta kimyakimya. Wanafunzi wameshanakili."

"Kunywa chai yako," nikamwambia. Nikamnyang'anya kile kipande, nikakitia mfukoni.

Kesho yake saa tatu kamili mkaguzi akafika. Mtu mfupi, kalamu mbili mfukoni, kitambaa cheupe kimepigwa pasi. Akasema yeye hakagui gari lililosimama. Vizuri, nikamwambia, panda, twende mlimani. Wifi akaendesha, mkaguzi akakaa mbele, mimi nyuma katikati ya maboksi ya chanjo. Saa moja na nusu ya kupanda, na kila kona nilikuwa nasikiliza lile gurudumu kama mama anayesikiliza mtoto anavyokohoa. Tulipofika juu, mkaguzi akapiga magoti, akapitisha kitambaa ndani ya gurudumu la kushoto, akakitazama. Akakikunja upya. Tukateremka, breki zinashika sawasawa. Mbele ya kliniki akapiga magoti tena. Akafuta, akageuza kitambaa, akafuta kwa upande wa pili.

"Kavu," akasema. "Kavu kabisa."

Wifi alinishika mkono, akanibana mpaka pete ikaniumiza. Nami nilipiga kelele, sioni aibu kusema, nilipiga kelele kama mtoto, "Kavu! Mmesikia? Kavu!" mpaka manesi wakachungulia madirishani.

Mkaguzi akatoa kalamu. "Gari linapita," akasema akiandika. "Ila naandika na hili. Sili haifi mara tatu bila sababu. Sababu ni uendeshaji. Dereva abadilishwe."

Furaha yote ikakatika. Kliniki ile haina dereva mwingine, na kumpata ni barua za mwaka mzima. Gari litabaki limepaki, limepona, na mlimani hapandi mtu.

"Bwana mkaguzi," wifi akaanza, "mimi naendesha taratibu, naapa, nabeba chanjo na wajawazito..."

"Mama, sili haidanganyi."

Wifi akanigeukia. Hakuniomba kitu. Alinitazama tu kama mtu aliyekwisha kuzoea kwamba mimi sitakuwa upande wake. Na hilo ndilo lililonichoma.

"Haidanganyi, kweli," nikasema. "Sababu ipo, ila si yeye." Nikatoa mfukoni kile kipande cheusi cha rangi, nikakiweka juu ya karatasi zake. "Hii ni rangi yangu. Nikitengeneza gari napaka ekseli, kwa ajili ya sifa. Nilipaka mpaka kofia ya kipumulio, ikaganda. Gari likipata moto hewa haina pa kutokea, inapasua sili. Mara ya pili na ya tatu ni mimi niliyeliharibu. Yeye hana kosa hata moja. Andika jina langu hapo."

Mkaguzi alikishika kile kipande kama hajui akiweke wapi. "Sijaelewa vizuri," akasema. "Hewa ndogo hivyo iipasue sili?"

Ni wifi aliyejibu. "Mimi naelewa," akasema polepole. "Mama anayejifungua akibana pumzi akasukuma, anachanika. Ndiyo maana kutwa nzima nawapigia kelele wapumue." Akanyoosha kidole kwenye gari. "Hili lilikuwa linapanda mlima limezibwa pua. Ungelilaumu kwa kuchanika?"

Mkaguzi akamtazama yeye, akanitazama mimi. Halafu akainama, akaukata ule mstari wa dereva, mara moja, mara mbili, na kalamu karibu itoboe karatasi. "Miaka ishirini nakagua magari," akasema. "Kila fundi ananiambia kosa ni la dereva. Wewe ni wa kwanza kujishtaki." Akapiga mhuri, gari likawa limepita, na dereva pamoja nalo.

Alipoondoka tu wifi alinivaa. "Uchafu, eh? Matope ya mlimani, eh? Miezi miwili naambiwa naendesha kama mwizi, kumbe mwizi ni kopo lako la rangi!" Alinisema pale mbele ya kliniki, manesi wanasikia, wagonjwa wanasikia, na mimi, Pilipili mwenyewe, nikasimama nikasikiliza mpaka mwisho. Nilistahili kila neno. Alipoishiwa na pumzi akanitazama, midomo ikaanza kumcheza. "Na ulivyopigwa oili usoni!" akasema, na tukacheka wote wawili tukishikana mabega, mpaka machozi.

Alhamisi akapanda. Ijumaa akapanda tena, na huko juu mmoja wa wale watatu alijifungua mtoto wa kike, mzima, kilo tatu na nusu. Gari lilikuwa mlangoni, kavu.

Jumamosi asubuhi nikasikia honi. Wifi alishuka, hakunisalimia, akainama chini ya gari na sare yake nyeupe, akaingiza mkono. Ekseli yote nilikuwa nimeipaka upya Jumatano jioni, baada ya ukaguzi, tabia haifi kwa siku moja, lakini kofia ya kipumulio niliiacha bati tupu. Nikaisikia ikicheza kidoleni mwake, tik, tik.

"Linapumua," akasema. Akajifuta mikono kwa tambara langu chafu, akavuta tairi, akakaa karibu na birika. "Haya, fundi, chai iko wapi?"

Nilimpa kikombe changu mwenyewe. Alikinusa kwanza, akakunja uso, akanywa chote.